Rekodi Zilizozaliwa Ndani ya Pumba

Ukiinamisha sikio juu ya trei ya funza wa unga usiku, nyumba ikiwa imetulia, utasikia mchakacho mwembamba kama manyunyu yanayoanza kugusa makuti. Ni mabuu elfu kadhaa wanapenya kwenye pumba za ngano, wanakula, wanajivua gamba, kisha wanakula tena. Wengine huwaita minyoo kwa ule mwili wao mrefu wa manjano, lakini hawa ni watoto wa mbawakawa mweusi ambaye Carl Linnaeus alimwandika kitabuni mwaka 1758 kwa jina la Tenebrio molitor. Neno la kwanza lina maana ya mpenda giza, la pili ni msaga nafaka. Kwa karne nyingi Ulaya ilimjua kama mharibifu wa vinu na maghala. Leo anafugwa kwa makusudi, awe chakula cha kuku, samaki, ndege na mijusi wa kufugwa, na katika nchi kadhaa chakula cha watu.

Nimekusanya hapa rekodi zake, pamoja na chache za ndugu zake. Kila nilipoichunguza rekodi moja nilikuta chini yake joto fulani, unyevu fulani, giza na nafasi. Ndiyo maana nitaeleza pia anavyofugwa, maana bila hayo rekodi zenyewe hazieleweki.

Ugunduzi mkubwa kuliko wote

Rekodi hii ningeitanguliza hata kama zingekuwa elfu. Mwaka 1905, katika Chuo cha Bryn Mawr, Pennsylvania, Nettie Maria Stevens alikuwa akichunguza kwa hadubini seli za uzazi za mbawakawa wa unga. Alikuwa amezaliwa Vermont mwaka 1861, akafanya kazi ya ualimu huku akidunduliza karo, na alipoingia Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa na miaka 35. Katika seli za jike alihesabu kromosomu 20, zote kubwa. Katika seli za dume alihesabu 19 kubwa na moja ndogo. Kisha akaona kwamba mbegu za kiume ziko za aina mbili: nusu zina kromosomu 10 kubwa, nusu zina 9 kubwa na ile moja ndogo. Akahitimisha kwamba yai likikutana na mbegu ya aina ya kwanza linatoa jike, na likikutana na ya pili linatoa dume.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba jinsia ya mtoto huamuliwa na chakula cha mama au joto lililompata akiwa mjamzito. Mbawakawa wa pumba akaonyesha kwamba jambo hilo hutoka kwenye mbegu ya baba, na baadaye ikathibitika kwamba binadamu naye yuko hivyohivyo. Ni wanawake wangapi katika nchi zetu wametukanwa, wameletewa mke mwenza, au wamerudishwa kwao kwa sababu ya kuzaa mabinti watupu? Jibu lao lilikuwa tayari limeandikwa tangu 1905. Edmund Wilson, mtaalamu mwenzake wa Marekani, alifikia hitimisho linalokaribiana na hilo katika mwaka huohuo, na kwa muda mrefu jina lake ndilo lililotangulia. Stevens alifariki mwaka 1912 kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 50. Kila ninapopepeta trei namkumbuka.

Mnywaji wa maji machache kuliko wote

Mpe funza wa unga pumba kavu peke yake, bila tone la maji, naye ataishi. Atakua polepole na atakuwa mwembamba, lakini ataishi. Siri iko mwisho wa utumbo wake. Mirija inayofanya kazi ya figo imejikunja na kushikamana na puru, na kwa pamoja hukamua maji kutoka kwenye kinyesi kabla hakijatoka. Ndiyo maana kinyesi chake ni punje kavu kama mchanga laini, hakinuki, na kinamwagwa bustanini bila taabu. Zaidi ya hapo, hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 88 au zaidi, mfumo huohuo unaweza kunyonya mvuke wa maji kutoka hewani. Mdudu anakunywa hewa, na anakunywa kwa upande wa nyuma.

Mwaka 1964, J. A. Ramsay wa Cambridge alikuwa akichunguza mirija hiyo akakuta jambo lililomshangaza: majimaji ya ndani yalikuwa yanaganda kwenye joto la chini kuliko lile yanaloyeyukia. Huo ulikuwa mlango wa kuzijua protini zinazozuia barafu kukua ndani ya mwili wa wadudu. Alikuwa anatafuta habari za ukame, akakuta za baridi.

Ukoo mzima wa mbawakawa hawa, wenye spishi zaidi ya 20,000, una kipaji cha kubana maji. Katika Jangwa la Namib yupo Onymacris unguicularis, ambaye asubuhi ya ukungu hupanda kilele cha tuta la mchanga, huinama kichwa chini na makalio juu, na matone hutiririka mgongoni hadi mdomoni. Hilo lilielezwa kwenye jarida la Nature mwaka 1976. Wa kwetu wa kwenye beseni hana ukungu. Ana karoti.

Na hapo ndipo mfugaji anapojenga au anapobomoa. Kipande cha karoti, cha kiazi au cha boga kinatosha kuwapa maji, na tofauti ya ukuaji kati ya waliopewa na walionyimwa utaiona kwa macho baada ya wiki chache. Usiweke bakuli la maji. Watazama, na pumba zitalowa. Pumba zikilowa huingia ukungu, na nyuma ya ukungu huja utitiri, wale wadudu wadogo mno wanaoonekana kama vumbi la kahawia linalotembea ukutani mwa trei. Kwa maoni yangu utitiri ndiye adui namba moja wa ufugaji huu, na mara nyingi huingia na pumba zenyewe kutoka mashineni. Zigandishe pumba kwenye friza siku kadhaa au zipashe moto kwenye oveni kabla ya kuzitumia. Karoti iondolewe kabla haijaoza. Unyevu wa hewa unaowafaa ni kati ya asilimia 60 na 75, na mtu wa Tanga au Mombasa anajua kwamba hewa ya pwani huvuka hapo mara nyingi. Huko trei zinahitaji mdomo mpana, pumba zisizidi kina cha vidole vitatu, na upepo upite juu yake. Kifuniko kisichopitisha hewa ni kaburi.

Utoto unaonyumbulika kuliko wote

Safari nzima kutoka yai hadi mbawakawa na kufa kwake inaweza kuchukua siku 280, na inaweza kuchukua 630. Sijui mfugo mwingine wa nyumbani ambao umri wake unaweza kurefuka zaidi ya maradufu kwa sababu tu chumba kimebadilika. Hatua ya buu ndiyo inayovutwa hivyo: mahali pazuri humalizika kwa miezi mitatu hivi, mahali pabaya hufika miezi 18. Hata idadi ya kujivua gamba haina kanuni moja. Wengine hujivua mara 8 au 9, wengine hufika 20. Buu aliyekosa chakula kizuri au maji hujivua gamba tena na tena bila kuongezeka mwili, kama mtoto anayebadilishiwa sare za shule wakati kimo ni kilekile.

Joto linalomfaa zaidi ni nyuzi 25 hadi 28 za selsiasi. Chini ya 17 mayai hayaendelei. Juu ya 30 mambo huanza kuharibika, na 40 humuua. Ukiziweka namba hizo juu ya ramani yetu utaona kwamba kila mji una tatizo lake. Nairobi mwezi Julai, usiku ukishuka hadi karibu nyuzi 12, trei iliyoachwa stoo inalala usingizi, na mfugaji anadhani mbegu aliyouziwa ni mbovu. Dar es Salaam mwezi Februari chumba chenye paa la bati bila dari kinaweza kuwapika. Morogoro na miji ya miinuko ya kati ina nafuu kubwa. Nunua kipimajoto kabla ya kununua mdudu.

Uwezo huohuo wa kusimamisha ukuaji ndio unaowanufaisha wauzaji. Mabuu waliokomaa wakiwekwa kwenye friji, nyuzi 5 hadi 10, hutulia kwa wiki nyingi bila kugeuka pupa. Maduka ya ndege na ya wavuvi wa ndoano huko Ulaya na Marekani yanawauza hivyo, wakiwa hai kwenye vikopo vilivyopangwa kwenye friji.

Umati wenye joto kuliko chumba

Niliwahi kuamini kwamba trei iliyojaa ni trei yenye faida. Nilikusanya mabuu wakubwa kutoka trei tatu nikawaweka kwenye moja kwa sababu ya kubana nafasi. Chumba kilikuwa nyuzi 27, namba ninayoipenda. Asubuhi ya pili wale wa katikati walikuwa weusi na laini, na harufu ilikuwa imefika mlangoni. Mabuu wanapokula na kusuguana hutoa joto, na wakirundikana joto la katikati hupanda kupita la chumba kwa nyuzi kadhaa. Nilikuwa napima hewa badala ya kupima kundi. Tangu siku hiyo kipimajoto changu hukaa ndani ya pumba, katikati kabisa, na kundi likizidi kina cha sentimita nne naligawa.

Mama mwenye watoto wengi, na asiyewajua

Jike mmoja hutaga kati ya mayai 250 na 500 katika maisha yake ya utu uzima, ambayo ni miezi miwili au mitatu. Mayai ni meupe, marefu kidogo, yana gundi inayonasa unga, na bila kioo cha kukuza huwezi kuyatofautisha na punje za pumba. Lakini mama huyohuyo akiachwa nayo huyala. Mabuu nao huwala pupa, ambao hawana miguu ya kukimbia wala taya za kujitetea.

Kwa hiyo chombo muhimu kuliko vyote katika kazi hii, baada ya kipimajoto, ni chekeche. Mbawakawa wakae kwenye trei yao siku saba hadi kumi, kisha wahamishiwe kwenye pumba mpya, na zile za zamani zenye mayai zitunzwe peke yake. Pupa waokotwe kwa mkono kila baada ya siku mbili. Anayefanya hivyo anapata vizazi vilivyolingana umri. Asiyefanya anabaki na trei moja yenye kila rika, wanaokulana, na mwisho wa mwezi hesabu haisongi.

Ndugu yake mkubwa kwa umbo, Zophobas morio wa Amerika ya Kati na Kusini, hufika sentimita tano na zaidi, na ana tabia ambayo bado inanishangaza: akiwa katika kundi hakubali kabisa kugeuka pupa. Lazima umtenge, buu mmoja kikopo kimoja, gizani, bila chakula, ndipo baada ya siku kadhaa anajikunja na kuanza mabadiliko. Kugusana na wenzake kunamzuia. Huyu naye usimweke kwenye friji, atakufa.

Vitamini yenye herufi ya jina lake

Wanaotembelea majumba ya mazoezi wanaijua karnitini, unga unaouzwa kwa ahadi ya kuchoma mafuta. Ilikuwa imetengwa kutoka kwenye nyama mwaka 1905, lakini kazi yake haikueleweka. Miongo minne baadaye Gottfried Fraenkel, akichunguza lishe ya funza wa unga, aligundua kwamba kuna kitu wanachokihitaji ambacho hakimo katika vitamini B zilizojulikana. Akakiita vitamini BT, T ikiwa ni ya Tenebrio. Mwaka 1952 ikabainika kwamba kitu hicho ni karnitini. Binadamu mwenye afya hujitengenezea mwenyewe, kwa hiyo kwetu hata si vitamini. Kwa funza ni uhai. Labda ndiyo maana wafugaji wengi huchanganya hamira kidogo kwenye pumba, na kweli wanakua vizuri.

Wa kwanza kupita mlango wa sheria

Uswisi iliruhusu wadudu watatu kuliwa na watu kuanzia Mei 1, 2017, funza wa unga akiwa mmoja wao, pamoja na nyenje na nzige. Korea Kusini ilikuwa imemkubali mwaka 2016, na wakampa jina jipya la kuvutia, gosoae, lenye maana ya buu mwenye ladha ya njugu. Kisha Januari 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ikatoa maoni yake ya kwanza kabisa kuhusu mdudu kama chakula kipya, na mdudu huyo alikuwa yeye, akiwa amekaushwa. Ruhusa rasmi ikatoka Juni mwaka huo.

Bukoba hawakusubiri ruhusa ya mtu kula senene, na Magharibi mwa Kenya kumbikumbi wanaliwa tangu enzi za mababu. Hata hivyo onyo moja lililotolewa Ulaya linatuhusu hasa sisi watu wa pwani: mwenye mzio wa kamba au kaa anaweza kudhurika na funza huyu, kwa sababu protini zao zinafanana. Mjomba anayevimba midomo akila kamba asipewe kuonja.

Kwa lishe, mabuu wakikaushwa karibu nusu ya uzito wao ni protini, na mafuta ni kama robo hadi theluthi. Kalsiamu ni kidogo sana kulinganisha na fosforasi. Anayewalisha kuku wa mayai na awape chokaa au maganda ya konokono pembeni, la sivyo maganda ya mayai yatakuwa laini.

Shamba dogo kuliko yote, na jengo refu kuliko yote

Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, Dennis Oonincx na Imke de Boer, walipima ardhi inayohitajika kupata kiasi kilekile cha protini. Penye hekta moja ya funza wa unga, nguruwe au kuku walihitaji hekta 2 hadi 3.5, maziwa 2.5, na nyama ya ng'ombe 10. Namba hizo zilisafiri dunia nzima na kuvuta fedha nyingi.

Kampuni ya Ufaransa iitwayo Ÿnsect, iliyoanzishwa 2011, ilipata dola milioni 372 katika mzunguko mmoja wa mtaji uliokamilika 2020, ikajenga karibu na mji wa Amiens shamba la wima lenye urefu wa zaidi ya mita 30, trei juu ya trei, zikiendeshwa na roboti. Septemba 2024 iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na Desemba 2025 ikafungwa. Niliumia niliposoma habari hiyo, kwa sababu wafanyakazi wake walijua mengi kuhusu mdudu huyu kuliko karibu mtu yeyote. Lakini nchi ya baridi hulipia joto kwa umeme au gesi kila siku ya majira ya baridi. Sehemu kubwa ya ukanda wetu hupewa joto hilo na jua bure, na pumba hununuliwa mashineni kwa gunia.

Mla plastiki wa kwanza wa Afrika

Mwaka 2015 watafiti wa Beijing na Stanford walionyesha kwamba mabuu 100 wa funza wa unga hula miligramu 34 hadi 39 za polistirini kwa siku, ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungashiwa televisheni, na kwamba vijidudu vya tumboni ndivyo vinavyoimeng'enya. Australia nayo ikaonyesha mwaka 2022 kwamba Zophobas anaweza.

Kisha Septemba 2024 ikaja zamu ya Nairobi. Kikundi cha icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, kikiongozwa na Fathiya Khamis, kilitangaza kwamba mabuu wa mbawakawa mdogo wa jenasi Alphitobius wa Kenya nao wanaila. Ndiye mdudu wa kwanza wa asili ya Afrika kurekodiwa akifanya hivyo. Ndugu wa mdudu huyo mfugaji yeyote wa kuku wa nyama atakuwa amewaona chini ya matandazo ya maranda. Katika jaribio la mwezi mmoja, waliopewa polistirini pamoja na pumba walimaliza takriban asilimia 11.7 ya plastiki hiyo, na waliishi vizuri kuliko waliopewa plastiki peke yake. Hilo la mwisho ndilo ninalolishikilia: hata kwenye kazi ya ajabu namna hiyo, funza bado anahitaji pumba zake. Watafiti wenyewe hawapendekezi kutupa mabuu jalalani. Wanatafuta bakteria na vimeng'enya vya tumboni mwao ili vitumike viwandani.

Aliyefugwa mahali pa mbali kuliko pote

Kwa hakika hajatoka Beijing, lakini nyumba aliyofugiwa ilijengwa kuiga makazi ya mwezini. Mwaka 2014, katika maabara iliyofungwa kabisa ya Chuo Kikuu cha Beihang iitwayo Yuegong-1, watu watatu waliishi siku 105 wakilima ngano na mboga chini ya taa, wakisafisha maji na hewa yao wenyewe. Protini ya mnyama iliyozalishwa humo ndani ilikuwa ya funza wa unga, waliolishwa sehemu za mimea ambazo binadamu hawezi kula. Kuanzia Mei 2017 hadi Mei 2018 nyumba hiyohiyo ilikaliwa siku 370 kwa kupokezana, na kundi moja likakaa humo siku 200 mfululizo bila kufungua mlango.